Jasho Si Mafuta: Niliyojifunza Baada ya Kuvua Nailoni

Kwa miezi miwili nilikuwa nikijifunga karatasi ya nailoni tumboni, chini ya fulana, nikidhani jasho litayeyusha mafuta, kisha natembea kwa haraka hapa Tanga kutoka Ngamiani hadi Raskazone kabla jua halijawa kali. Nikirudi nyumbani naifungua, na jasho linachuruzika hadi mapajani. Siku moja mizani ya duka la dawa ilionyesha kwamba nimepungua karibu kilo nzima, nikafurahi kwa kweli. Jioni, baada ya madafu mawili na maji, kilo ile ilikuwa imerudi yote.

Nawaandikia dada zangu ninaopishana nao asubuhi, ambao bado wamejifunga. Kwa joto na unyevu wa Tanga, nailoni huuzuia mwili kupoa, na kinachotoka ni maji tu. Mafuta hayayeyuki kama samli juani. Yamehifadhiwa ndani ya seli, na seli haiyaachii mpaka ipate agizo.

Agizo hilo huletwa na homoni. Unapotembea kwa kasi, adrenalini na noradrenalini huongezeka katika damu, na zikishika vipokezi vya beta, yaani sehemu zinazopokea homoni kwenye utando wa seli ya mafuta, ndani hutengenezwa saikliki AMP, molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, iliyogunduliwa na Earl Sutherland wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa kazi yake juu ya namna homoni zinavyotenda. Molekuli hiyo huamsha vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, ambavyo hukata mafuta yaliyohifadhiwa, nayo asidi za mafuta hutoka na kwenda kuchomwa na misuli. Moyo wenyewe, kuta zake zinapotanuka kwa damu nyingi inayorudi wakati wa mazoezi, hutoa homoni yake ambayo huzifikia seli hizohizo kwa njia nyingine, ya saikliki GMP, molekuli nyingine ya ujumbe. Hili lilinigusa kuliko yote, kwamba moyo unayaambia mafuta yatoke.

Kwa kuwa agizo husafiri katika damu mwili mzima, hakuna kitambaa kinachoweza kulielekeza tumboni peke yake. Tena seli hazisikii sawasawa: za nyonga na mapaja ya wanawake zina vipokezi vingi vya alfa 2, ambavyo huizuia adrenalini hiyohiyo. Usikate tamaa basi ukiona kiuno kimepungua na nyonga zipo vilevile.

Kosa langu jingine lilikuwa chai ya sukari na maandazi kabla ya kutoka. Insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, inayopanda baada ya chakula hicho husababisha saikliki AMP kuvunjwa, na utoaji wa mafuta hupungua kwa saa hizo. Sasa natembea kwanza, nakula baadaye, ingawa hesabu ya chakula cha siku nzima ndiyo inayoamua uzito, wala si saa ya chai. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asitembee na njaa kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka ghafla njiani.

Natembea nusu saa, siku tano kwa wiki, kwa mwendo unaoniruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Mizani nimeiacha. Kila baada ya wiki mbili najipima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, usawa wa kitovu, kabla sijanywa chochote, na namba naiandika nyuma ya mlango wa kabati.