Fundi Ajibu: Kompyuta ya Mkebeni

Barua za safari hii nimezichagua za jambo moja tu, manake tangu nitaje kompyuta za kizamani kwa safu hii vijana hawanipi pumzi. Za simu zilizoingia maji zitangoja.

Salaam fundi. Niko fom thrii hapa Kisauni. Nataka kutengeneza kompyuta ndogo ya kizamani, skrini nyeusi na herufi zinawaka, niandike programu zangu ndani, na yote iingie kwa mkebe wa jometri niliotoka nao praimari. Nimepima ndani: milimita 150 kwa 65, kina 15. Nna elfu mbili tu. Ninunue chipu gani kwanza? — Mwana wa Kisauni

Mwanangu, chipu iwache kwanza. Kila mtu huanzia hapo, ndo mana unapata mtu ana chipu nzuri kabatini mwaka mzima na kompyuta hakuna. Chipu haikosi nafasi, Raspberry Pi Pico nzima, ile bodi ndogo yenye chipu tutakayotumia, ni milimita 51 kwa 21. Kinachokosa nafasi ni vidole, macho na betri. Kwa hivo mkebe ndo bosi, wewe toa rula uchore 150 kwa 65 kwa karatasi, saizi yenyewe, alafu panga vitu hapo juu kabla hujatoa hata shilingi.

Kibodi kwanza. Herufi 26, namba 10, na spesi, enta, shifti na ya kufuta, jumla 40. ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya Sinclair ya 1982, nayo ilikua na vitufe 40 hivohivo, na watu wametengeneza magemu mpaka wakapata pesa. Tumia zile swichi ndogo za milimita 6 kwa 6, hata kwa bodi za redio na DVD zilizokufa ziko. Ukizipanga safu nne za kumi kumi, na kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya jirani yake milimita 9, kibodi yote itakula 90 kwa 36. Utaandika kwa vidole gumba viwili, lakini utaandika.

Sasa angalia kilichobaki. Upande wa kulia una 60 kwa 65, hapo Pico inasimama wima na betri ya Nokia BL-5C, ambayo ni kama 53 kwa 34, inasimama kando yake, 21 na 34 ni 55, na zile milimita 5 ni za waya. Juu ya kibodi kuna kipande cha 90 kwa 29, hapo skrini ya OLED ya inchi 0.96 inakaa, bodi yake ni kama 27 kwa 27, na pembeni yake ile bodi ndogo ya kuchaji TP4056. Umeona? Kila kitu kimelala chini, hakuna ghorofa. Wengi hutia betri chini ya kibodi ati waokoe nafasi, haya tupige hesabu: swichi 5, bodi 1.6, ncha za solda 2, betri 5.6, ni 14.2, ukitia na plastiki ya kuzuia shoti kifuniko kishakataa kufunga. Mkebe wa jometri ni mrefu, tumia huo urefu. Ungekua na ule mkebe mdogo wa peremende za minti ningekwambia mengine.

Waya sasa. Usipeleke waya 40 kwa chipu. Vitufe unaviunganisha kama jedwali, laini 5 na laini 8, tano mara nane ni 40, pini unazotumia ni 13 peke yake. Programu inawasha laini moja moja na kuuliza zile nyingine nani amebonyezwa. Skrini inataka pini 2 za data, jumla 15, na Pico ina 26 za kutumia. Kila kitufe mtie dayodi ya 1N4148, inapitisha umeme upande mmoja tu, ni ndogo na ni rahisi, bila hizo ukishika vitufe vitatu pamoja itatokea herufi ya nne hukuigusa na utadhani mkebe una jini.

Betri inaingia kwa pini ya VSYS, mlango wa umeme wa Pico, moja kwa moja, Pico inakubali volti 1.8 mpaka 5.5 hapo, huhitaji kifaa cha kupandisha umeme. Lakini sikiza vizuri: ukichomeka waya wa USB kwa Pico, zile volti 5 za USB nazo zinatokea hapohapo VSYS, na kama betri iko wazi hapo zitaingia kwa betri bila mpangilio. Tia dayodi ya 1N5817 kutoka betri kwenda VSYS, mstari wake uangalie VSYS, umeme uende upande mmoja tu. Hio dayodi moja usiifanyie ubahili.

Programu anza na MicroPython, yaani lugha ya Python ya chipu ndogo. BASIC, lugha ya kompyuta za kizamani, ya Pico ipo, yaitwa PicoMite na ni ya bure, lakini imezoea laptopu au kibodi ya kawaida, hio yako ya kujiunganishia itakupa kazi ya ziada. Kwa MicroPython unaandika kijiprogramu kinachosoma vitufe, kinakusanya mstari, ukibonyeza enta kinaupeleka kwa exec, amri ya Python inayotekeleza mstari huo, basi ushapata kompyuta. Herufi zake ni 8 kwa 8 na skrini ni 128 kwa 64, kwa hivo mistari 8 ya herufi 16. "Mwembe Tayari" inaingia, "Tumefika Mwembe Tayari" inakatika. Utajifunza kuandika kwa ufupi.

Elfu mbili nayo, Pico ilipotoka 2021 ilikua dola 4 huko kwao, hapa kwetu ongeza usafiri na faida ya duka. Piga simu uulize bei kabla ya kupanda matatu kuja mjini, na ukikosa, Luthuli Avenue kule Nairobi hukosi na parseli inashuka na basi la usiku. Betri na waya usinunue vipya, na solda omba fundi wa simu akuazime meza yake jioni.

Assalaam alaykum fundi. Mwanangu ametoa betri ya simu ya zamani, imefura kidogo, ataka kuitia kwa mkebe wa chuma ati ni kompyuta. Mimi naogopa moto. Nimkataze? — Mama Mji wa Kale

Waalaykum salaam mama. Kompyuta usimkataze. Betri hio mkataze leo leo. Betri iliyofura haichajiwi, haikandamizwi ikarudi, haitobolewi, wala haitupwi kwa taka zinazochomwa. Itoe ndani ya nyumba, iweke mahali pakavu mbali na vitu vya kushika moto, alafu apelekewe fundi anayekusanya taka za elektroniki.

Atafute BL-5C nzima, ile ya volti 3.7 na mAh 1020, na aikague na mita kabla, za feki zimejaa. TP4056 nayo achague ile yenye ulinzi, ina mahali pa betri na mahali pengine pa kutoa umeme. Bodi hizo nyingi zinakuja na rezista ya 1.2k inayoifanya ichaji kwa ampea 1, kwa betri ndogo kama hio ni kuikimbiza bure. Akiibadilisha atie ya 3k inashuka mpaka kama miliampea 400, itachukua masaa zaidi na haitapata joto sana.

Na chuma ndo jambo lenyewe mama. Mkebe ni bati, na ncha moja ya solda ikigusa bati na nyingine ikagusa bati, hapo ni shoti. Akate faili ya plastiki, ile ya kuwekea makaratasi, aitandike chini na kuta zote, na betri aizungushie tepu mpaka isisogee mkebe ukitikiswa. Asiuache juani, wala kwa dashibodi ya gari.

Fundi, Pico ya 2021 ni retro gani hio? Mimi nataka Z80 ya ukweli. — Likoni

Yakhe, nakuelewa, na sikupingi. Chipu ya Z80 ilitoka 1976, ndo iliyokua ndani ya Spectrum ikienda megahetsi 3.5. Lakini ile ya miguu 40 ina urefu wa sentimita tano na kitu, na peke yake haifanyi lolote, yataka ROM (memori ya kudumu) kando, RAM (memori ya kazi) kando, saa yake, na chipu za kuiunganisha na kibodi na skrini. Kwa mkebe wa jometri utamaliza nafasi kabla hujafika kwa betri. Tena 2024 Zilog, kampuni yake, walitangaza kuacha kuitengeneza ile ya kizamani, kwa hivo sokoni utakutana na za kuchomolewa na za kufutwa maandishi zikapigwa chapa upya.

Kama roho yako yataka Z80, itengeneze kwa boksi la viatu na uone kila waya. Kama wataka mfukoni, Pico ina kilobaiti 264 za RAM na Spectrum kubwa ya 1982 ilikua na 48, inaweza kuiigiza ikabaki na nafasi. Kwangu mimi uretro ni kuwasha na kuandika papo hapo, na memori ndogo inayokulazimisha ufikiri, tarehe ya chipu hainisumbui sana.

Waeza kutumia tivi ya mgongo badala ya kununua skrini? — Mtwapa

Waeza, na ni rahisi kuliko watu wanavodhani. Tangu tuhamie dijitali 2015 hizo tivi nene zinaishi kwa dekoda na ule waya wa njano, na ule waya wa njano ndo mlango wetu. Chukua chipu ya ATmega328, ile ya bodi ya Arduino Uno, na programu ya TVout inayochora picha ya tivi, rezista mbili tu: 1k kutoka pini 9 na 470 kutoka pini 7, zikutane ziingie kwa waya wa njano, na graundi kwa graundi. Chagua PAL kwa programu, ndo mfumo wa tivi za kwetu, sio NTSC, ama picha itakimbia.

Ubaya wake ni memori. ATmega ina baiti 2048 za RAM, na picha ya 128 kwa 96 inakula 1536. Umebakia na 512 za kila kitu kingine. ZX81, kompyuta nyingine ya Sinclair ya 1981, nayo ilikua na kilobaiti 1 tu, skrini na programu vyote humo humo, kwa hivo uko na wenzio. Tumia volti 5 na kristali ya megahetsi 16, betri ya simu peke yake haitoshi hapa. Kibodi tafuta ya PS/2 kwa saiba iliyofungwa, waya nne na inaongea volti 5 sawa na ATmega. Mkebe utabaki mdogo, ni tivi ndo haitaingia mfukoni.

Nimetoboa mkebe matundu ya chaja na swichi, wiki mbili kando zimeshika kutu. — Nyali

Hewa ya bahari hio, ukikata bati umetoa rangi na chuma kiko uchi. Piga msasa, pangusa kukauke, alafu pakaza rangi ya kucha kwa kila ukingo, mara mbili. Na bodi nazo, zioshe mafuta ya solda kwa spiriti na brashi ya meno kabla ya kufunga, yale mabaki yananyonya unyevu na baada ya miezi utaona kijani kwa waya. Pini za chaja na vitufe usizipake hio rangi.