Mzee haoni, tumwambie aswali kwake tu?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Msikitini kwetu kuna mzee haoni, alikuwa analetwa na mwanawe, mwanawe kahama na mzee haji tena. Kwenye kamati wanasema muacheni, ana udhuru. Mi roho inanisuta. Pia wapo wanaosema asiyeona hafai kuwa imamu, ni kweli? Na msahafu wa nukta nundu (yale maandishi ya vidoti vilivyoinuka ambayo asiyeona husoma kwa vidole) unashikwa bila udhu?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Roho yako inakusuta pahali pake.

Udhuru upo, hakuna anayebisha. Ila huo udhuru ni wa mzee, si wa kamati. Kwenye fiqhi yetu ya Kishafii (hukumu za ibada kwa madhehebu yetu) asiyeona ana udhuru wa kukosa swala ya jamaa msikitini *akiwa hana wa kumwongoza*, akimpata mtu wa kumshika mkono udhuru unaondoka. Sasa nyie safu nzima ya watu wenye macho na miguu mnapita mlangoni kwake kila magharibi halafu mnasema hana wa kumleta? Yule bwana asiyeona aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia sina kiongozi wa kunileta msikitini, aliruhusiwa aswali nyumbani, akageuka aende zake, akaitwa tena, unasikia adhana? Akasema ndiyo. Akaambiwa basi itikia (kaipokea Imamu Muslim kwenye kitabu chake cha hadithi). Wanazuoni wengi wamesema hapo alielekezwa kwenye lililo bora, si kwamba kufika msikitini ni lazima kwake, kwa sababu sahaba Itban bin Malik naye macho yalimpotea na mafuriko yakawa yanamkatia njia, Mtume akaenda mwenyewe hadi nyumbani kwake kumswalishia pale atakapopafanya pa kuswalia. Kwa hiyo muulizeni mzee mwenyewe anataka nini. Akisema nakuja, pangeni zamu ya kumfuata, na akishika njia msimburute kama mbuzi, mpe kiwiko chako akishike yeye, utangulie hatua moja.

Halafu angalieni mlango wenu. Nilimwona mzee mmoja kafika na fimbo yake nyeupe, viatu vimemwagwa kizingiti kizima, fimbo ikigusa huku kiatu, huku kiatu, kasimama pale watu wanampita mpaka imamu akatoa salamu. Rafu ya viatu ingetosha. Na asitokee wa kumwambia fimbo ni najisi iache nje, asli ya vitu ni tohara, yaani kitu ni safi mpaka ijulikane kina najisi, mkiwa na wasiwasi wekeni kitambaa chenye maji aifute ncha yake, yamekwisha.

Ndani ya swala kuna jambo wengi hawalijui. Alfajiri ya Ijumaa imamu kafika aya ya sijda (aya ambayo ikisomwa watu husujudu), kasema Allahu akbar kashuka, watu wote chini, asiyeona kasikia takbira tu, yeye ataenda rukuu, na hana kosa kwa sababu takbira ni ile ile! Imamu aseme kabla ya kuqimu kwamba leo kuna sijda ya kisomo, au jirani yake kwenye safu amguse. Hili lina asli, maulamaa wametaja kwamba kipofu anaweza kumfuata imamu kwa kuongozwa na mtu mwaminifu aliye ubavuni mwake. Kibla vilevile anamuuliza anayemwamini, na wamesema anaweza kuijua kwa kupapasa mihrabu (pale ukutani anaposimama imamu) kwa mkono.

Uimamu: si kweli. Sahaba Abdullah bin Umm Maktum alikuwa haoni na Mtume alimwacha Madina akiswalisha watu, na ndiye aliyekuwa akiadhini alfajiri baada ya Bilal, haadhini mpaka aambiwe kumekucha. Kwa Mashafii asiyeona na anayeona wako sawa, wakasema asiyeona macho hayamshughulishi na anayeona anajikinga zaidi na najisi, kila mmoja ana lake. Sheikh Ibn Baz, mufti wa Saudia aliyefariki 1999, alipoteza macho tangu ujanani, na umma ulimuuliza dini yao.

Nukta nundu wanazuoni wa leo wamekhitilafiana, wapo wanaosema si herufi za msahafu kwa hiyo hauna hukumu yake (hata unasomwa kutoka kushoto kwenda kulia), wapo wanaosema kinachosomwa ni Qur'ani ile ile. Mi naona achukue udhu akiweza, na mwalimu asimfanyie ugumu anayejifunza, maana huyu kusoma kwake ndo kushika. Ila nyie wenye macho msirundike vitabu vizito juu yake, zile nukta zinalala na vidole havipati kitu.

La mwisho, matangazo yenu ya darsa mnatuma picha yenye maua kwenye grupu la WhatsApp. Simu ya asiyeona inamsomea maandishi, ikifika kwenye picha mara nyingi inamwambia "picha" basi. Chini ya hiyo picha andikeni siku, saa na nani anasomesha.

Wallahu a'lam.