Mwanangu, ripoti hainuniwi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho usiku baba yako akiwa ameshalala. Unaniuliza umwandikie matroni kumlalamikia yule mwenzako wa zamu aliyekuita "mtoto wa juzi" mbele ya wagonjwa na wanafunzi, au uombe kuhamishiwa wodi nyingine yaishe. Nitafika huko. Lakini kuna mstari ulioupitia haraka, mimi ukanishika: kwamba siku hizi mnakabidhiana zamu kwa daftari. Unaliweka mezani, unachukua mkoba, unaondoka.

Ripoti hainuniwi: hata ukiwa umemnunia mwenzako, zamu unamkabidhi kwa mdomo. Neno hilo umelisikia nyumbani tangu hujui maana yake, na kaka yako alikuwa akiliigiza nikitoka kazini. Sidhani kama niliwahi kukueleza lote lilikotoka.

Ilikuwa 2004, wewe uko darasa la tatu, tunakaa zile nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali. Unakumbuka asubuhi niliyoacha uji unafurika jikoni, nikatoka mbio na kanga juu ya gauni la kulalia? Ulikwenda shule hujatia kitu tumboni, na shangazi yako akanisema wiki nzima. Ni asubuhi hiyo.

Miezi minne nyuma yake, mwenzangu mmoja alinivua nguo hadharani. Tulisoma chuo kimoja, tukalala bweni moja, tukagawana hata sare. Kwenye raundi ya asubuhi alikuta dripu ya mama mmoja imeisha na damu imepanda kwenye mpira. Mbele ya daktari, mbele ya wanafunzi, mbele ya kina mama wote wa wodi ya wazazi, akasema, "Huyu akiwa usiku, wodi nzima inalala naye." Usiku ule nilikuwa nimezalisha kina mama watano, mimi na mhudumu mmoja, na chai yangu ilikuwa bado kwenye kikombe imeganda ngozi juu. Sikumjibu. Nilijiona mwenye heshima kwa kutomjibu. Kumbe nilikuwa nimeanza kununa, na nikanuna miezi minne.

Kununa kwa wauguzi kuna ufundi wake, na wewe nakuona umeanza kuujua. Unafika kwa wakati, sare imepigwa pasi, daftari umejaza, hakuna wa kukushika kosa. Ila unamwachia mwenzako yaliyoandikwa tu, na yale ya mdomo unaondoka nayo. Wodini ya mdomo ndiyo mengi. Huyu halalamiki lakini ana maumivu. Yule ndugu zake wanamnywesha dawa ya mizizi wakati wa kuona wagonjwa. Mkojo wa kitanda cha nne umepungua, siupendi. Nani anayaandika hayo?

Kitanda cha nne ndicho kilichonifundisha. Aliletwa usiku na kifafa cha mimba, binti mdogo, mimba ya kwanza. Saa saba usiku tukampa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, ile dawa ya kuzuia degedege ambayo ikizidi mwilini hulegeza goti kwanza, kisha pumzi: gramu nne kwenye mshipa na gramu tano kila tako. Akajifungua alfajiri ileile. Dozi iliyofuata, gramu tano, ilikuwa ya saa kumi na moja, na saa kumi na moja mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto wa mama mwingine. Nikampa saa moja kasorobo. Kabla ya kumchoma nilihesabu pumzi zake, zilikuwa 18 kwa dakika. Nikamgonga goti, likaruka. Mkojo sikuupima. Unajua mwenyewe unatakiwa uwe angalau mililita 30 kwa saa, ndipo dawa ile ipate njia ya kutoka mwilini. Sikuupima, mwanangu, na sijawahi kulisahau hilo.

Ile dozi iliyochelewa niliiandika mstari wa mwisho wa ripoti, ukurasa wa nyuma. Kwenye chati ya dawa kisanduku cha saa kumi na moja kikabaki cheupe. Siku nyingine yoyote ningesema kwa mdomo, "Nimemchelewesha, nimempa sasa hivi, msimguse mpaka saa tano kasorobo." Saa moja na nusu akaingia yule mwenzangu niliyemnunia. Nikaweka daftari mezani, nikapita.

Nilikuwa nakoroga uji wako mhudumu alipogonga mlango. "Sista anauliza, kitanda cha nne umempa au hujampa?" Maneno yake ya kwanza kwangu kwa miezi minne, na yaliletwa na mdomo wa mtu mwingine.

Nilimkuta ameshika mkono wa yule binti, anahesabu. Bomba la sindano limejaa, liko kwenye trei. Alikuwa ameona kisanduku cheupe akajua dozi imerukwa, akaivuta. Lakini kabla ya kuchoma aligonga goti, halikuruka. Akagonga tena. Pumzi zilikuwa 14, na mfuko wa mkojo ulikuwa na kidogo mno. Akaiweka sindano chini, akamwita daktari. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu, gramu moja, ikaingia kwenye mshipa polepole, na sisi wawili tumesimama huku na huku kitandani tunamtazama kifua. Yule binti alipona, akaenda nyumbani na mtoto wake. Angepata dozi nyingine ile saa mbili, sijui kama ningeendelea na kazi hii.

Mchana wake mwenzangu akanivuta stoo ya shuka, akafunga mlango. Akasema, "Siku ile nilikosa kukusema mbele za watu, na niliijua jioni ileile. Nikasubiri uje unifokee ili nikuombe radhi. Hukuja."

Hukuja! Nilikasirika upya palepale. Mkosaji ni yeye, kwa nini niende mimi? Hata leo nikiwa nachambua mchele hubishana naye peke yangu: wewe ndiye uliyekosa, wewe ndiye wa kuja. Na bado nasema hivyo. Halafu namkumbuka binti wa kitanda cha nne, ambaye hakuwa na muda wa kungoja nani aanze. Baba yako na baba yako mdogo wamegombania kile kiwanja cha Kihonda miaka sita, salamu zinapita kwa watoto, na hakuna aliyeumia ila mioyo yao. Wao wanaweza kungojana. Sisi katikati yetu kuna mtu amelala.

Mlifundishwa chuoni mpangilio wa kumpigia daktari usiku: hali ilivyo sasa, historia, tathmini yako, unachopendekeza. Ulitoka kwa wanamaji wa Marekani, kwenye nyambizi za nyuklia, hospitali zikauchukua. Naupenda, maana unamlazimisha mtu aseme alichokiona na anachotaka, bila kulalama. Ukikaa na mwenzako utakufaa hata huko, ukiugeuza kidogo. "Alhamisi kwenye raundi uliniita mtoto wa juzi mbele ya mgonjwa niliyekuwa namfunga kidonda. Baadaye alikataa nisimguse. Ukiwa na la kunirekebisha, naomba uniite pembeni." Hapo umesema kitu kimoja chenye siku yake. Ukianza na "wewe kila siku", atakutafutia siku moja ambayo hakufanya hivyo, na mtabishana mpaka jioni. Usimfuate ukitoka usiku, njaa na usingizi havina adabu. Wala usimjibu kwenye kundi la wasapu la wodi, nakuomba sana.

Neno la kati yako na mwenzako lina pembeni yake. Linalomhusu mgonjwa halina. Ukiona dozi huielewi, sema hapohapo, hata mbele ya profesa: "Nina wasiwasi na dozi hii." Asiposikia, rudia. Asiposikia tena, "Tusimame, hii ni hatari kwa mgonjwa," na umwite aliye juu yake. Anayekasirika atakasirika.

Na yapo ambayo si ugomvi kabisa. Akijaza chati uongo, akidai pesa kwa mgonjwa, akimpiga kofi mama mwenye uchungu, usimwite pembeni. Andika, kwa matroni, na ikibidi mpaka Baraza la Uuguzi na Ukunga. Nimeona watu wazima wakiyaficha hayo kwa jina la umoja wa wodi, na sitaki uwe mmoja wao. Kama huyo wako amefika huko na umenificha, niambie, na yote niliyosema juu ya stoo ya shuka yaache.

Basi, uandike au uhame? Jibu ninalo. Nimeliandika mara mbili kwenye karatasi hii na mara mbili nimelikata, kwa sababu wewe ndiye uliyeiona sura yake akikuita hivyo, mimi nimeisikia habari tu. Lakini kuhama... hapana, naacha. Nitakuambia tu kwamba mwenzangu alihamia mkoa mwingine mwaka uliofuata. Tulikuwa tunaongea tena, ripoti tunapeana kitanda kwa kitanda, tunacheka. Hata hivyo sikuwahi kumwambia kwamba alichokifanya asubuhi ile, kugonga goti mara mbili wakati amenikasirikia na kisanduku ni cheupe, kilikuwa uuguzi bora kuliko wangu wa usiku mzima. Nilikuwa na miezi mingi ya kumwambia. Siku ya kumuaga nilimpa kitenge.

Katika ujumbe wako wote sikuona mahali uliposema mmewahi kukaa wawili. Kama mlikaa, niandikie alichosema, neno kwa neno, usinipunguzie. Najua kesho unaingia usiku, kwa hiyo keshokutwa asubuhi utamkabidhi yeye. Beba daftari mkononi, mtembee kitanda kwa kitanda, umwambie na yale ya mdomo, hata kama anatazama dirishani. Kisha nenda ukalale. Nipigie ukiamka, si kabla.

Mama yako