Mwongozo wa zamani wa mtandao wa Linux: nianzie wapi kuusahihisha?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye chuo kimoja hapa Tanga mjini. Tuna mwongozo wa kuweka anwani ya IP kwenye seva, uliandikwa 2016. Unasema nifungue /etc/network/interfaces, niandike habari za eth0 (jina la kadi ya mtandao), kisha niwashe mashine upya. Kwenye Ubuntu 22.04, ambayo ni aina ya Linux, faili hilo sikulikuta, nikalitengeneza mwenyewe na kufuata maelezo neno kwa neno. Anwani haikubadilika, wala sikuona ujumbe wa kosa. Mkuu wangu anataka niusahihishe mwongozo wote. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Anzia hapo hapo ulipokosa faili. Aliyeandika mwongozo ule hakukosea, Ubuntu 16.04 ililisoma faili hilo. Kuanzia toleo la 17.10 kazi ikahamia kwa Netplan, programu ya kupanga mtandao, ambayo mafaili yake yamo ndani ya /etc/netplan. Ulichoandika hakina wa kukisoma, ndiyo maana hata kosa hukuliona.

Lakini usiifute sehemu ile. Debian, aina nyingine ya Linux, ikiwa ya kawaida kwenye seva bado inatumia /etc/network/interfaces, na huenda kesho ukapewa mashine ya Debian. Iwekee kichwa kinachotaja mfumo na toleo, kisha andika sehemu mpya chini yake:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      addresses:
        - 192.168.10.5/24
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.10.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.10.1]

Jina enp3s0 ni la mfano tu. Hutokana na mahali kadi ya mtandao ilipochomekwa, kwa hiyo mashine ya jirani inaweza kuwa na jina lingine. Ukibadilisha eth0 kwa enp3s0 kila mahali utakuwa umetoa kosa moja na kuingiza jingine. Mwambie msomaji atoe amri ip link kwanza, achukue jina analoliona. Ile maski ya 255.255.255.0 ya mwongozo wa zamani (inayoonyesha ukubwa wa mtandao) sasa ni /24 inayofuata anwani. Ikisahaulika, Netplan itakataa. Ukikutana na gateway4 (mstari wa kutaja njia ya kutokea nje) kwenye maelezo ya watu, jua ni mtindo unaoachwa; tumia routes kama hapo juu.

Mwongozo wenu umechapwa kwenye Word? Nauliza kwa sababu nimeona mengi. Programu ya kuandikia barua hugeuza vistari viwili kuwa kimoja kirefu, hupinda alama za nukuu, na mtu akibonyeza Tab kupanga mistari, Netplan hailikubali faili hilo, kwani YAML, muundo wa maandishi wa mafaili yake, hupangwa kwa nafasi tupu. Kwa macho huoni tofauti. Amri zote zihifadhi kwenye faili la maandishi matupu, msomaji anakili kutoka humo.

Sasa jambo ninalokusihi. Mwongozo niliowahi kuufuata ulimalizia kwa sudo netplan apply. Nilikuwa Ngamiani, seva iko Pangani, nimeingia kwa SSH, yaani kutoka mbali kupitia mtandao. Nikaandika 192.168.1.5 badala ya 192.168.10.5. Nilipobonyeza Enter, skrini ikaganda. Nikapanda basi la Pangani na kibodi begani, kwenda kuongeza sifuri moja, na ofisi ile ilikaa siku nzima bila seva. Andika sudo netplan try. Hiyo huweka mabadiliko kwa sekunde 120, na usipothibitisha hurudisha yaliyokuwepo. Iandike kwa herufi nzito.

Mengine ni mepesi. Badala ya ifconfig weka ip address. Sehemu ya kuandika DNS (seva zinazogeuza majina kuwa anwani za IP) ndani ya /etc/resolv.conf iondoe kwa Ubuntu. Faili hilo linasimamiwa na systemd-resolved, huduma ya DNS ya mashine yenyewe, ndiyo maana unaona 127.0.0.53 humo. Seva halisi za DNS zitazamwe kwa resolvectl status.

Ukimaliza, tafuta mashine isiyo na kazi na mwenzako ambaye hajawahi kuweka mtandao. Mpe mwongozo, kaa nyuma yake, usimsaidie. Kila atakapokuuliza kitu, andika swali lake pembeni ya mstari huo, maana hapo ndipo palipopungua. Akifika mwisho na ping (amri ya kujaribu kama mashine nyingine inafikika) ikajibu, andika juu ya ukurasa wa kwanza tarehe, toleo la mfumo, na jina la aliyejaribu.