Mtoto wa mbwa haogopi maji, anaogopa kuteleza

Kila nikizungumza na mtu anayefuga mbwa hapa Mombasa nasikia maneno yale yale: "Wangu haogesheki, anaogopa maji." Basi mpeleke mbwa huyo huyo ufuoni Bamburi wakati wa maji kupwa, umwache akimbize kaa. Atakanyaga vidimbwi na kurudi amelowa mpaka kifuani bila wasiwasi wowote. Kinachomtisha kiko nyumbani: karai linalolia likiburutwa kwenye saruji, sakafu ya bafu inayoteleza, mpira wa maji unaofoka ghafla, na watu wazima wawili waliomkamata shingo. Yote yanamfikia kwa pamoja, nasi tunasema ni maji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ni kipi hasa kinachomsumbua mbwa wako, kisha umzoeshe hicho peke yake.

Wangu anaitwa Shombo. Alitoka kwa wavuvi akiwa mdogo, na harufu aliyokuja nayo ndiyo iliyompa jina. Nilipomtazama vizuri niligundua kuwa anaanza kutetemeka kabla hata tone halijamgusa, pale tu miguu inapokanyaga vigae. Kucha zinakwaruza, miguu inatanuka, mkia unaingia tumboni. Nikatandika gunia kuukuu ndani ya karai, nikalilowesha kidogo ili lishike. Nusu ya tatizo iliisha hapo hapo. Kama una mkeka wa mpira au taulo la zamani, litafaa vilevile. Kwa mbwa mwengine huenda tatizo ni mlio wa mpira wa maji, na huyo mwogeshe kwa kata au kopo. Kuna asiyependa kushikwa tu, na kwake karai halina kosa lolote.

Usingoje akue. Mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa urahisi zaidi kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 12 au 14 hivi, na wengi wetu tunawapata wakiwa na wiki 8 au zaidi, maana yake muda uliobaki si mwingi. Habari njema ni kwamba mazoezi haya hayahitaji kutoka nje. Ufuoni na kwenye vichochoro vyenye mbwa wa mitaani asiende kabla daktari wa mifugo hajakamilisha chanjo zake, kwa sababu ya parvo na distempa, magonjwa ya mbwa ya kuambukiza. Lakini karai kavu lenye gunia ndani yake linaweza kukaa barazani tangu siku ya kwanza. Weka kipande cha nyama ndani, uendelee na shughuli zako. Ataingia mwenyewe. Akitoka, aachwe atoke. Mbwa anayejua mlango uko wazi haharakishi kukimbia.

Chakula ninachotumia ni maini ya kuku yaliyochemshwa bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa), yakakatwa vipande vidogo mno. Yananisaidia pia kupima hofu. Mbwa anayekataa maini ameshaogopa kupita kiasi, na hapo narudi nyuma hatua moja, siongezi maji. Zingatia na mpangilio: gusa kwanza, halafu ndiyo umpe. Sikio limeguswa, ini limekuja. Ukianza kwa ini kisha ukamkamata, atajifunza kuwa ini ni chambo, na mwisho atalikimbia hata ini lenyewe.

Zipo dalili nyengine tunazozipuuza. Anajiramba midomo wala hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, anageuza uso weupe wa jicho ukionekana. Hapo anakuambia "taratibu". Akinguruma, usimpige. Ukimfunza kwamba kunguruma kunaleta kofi, atanyamaza na siku moja ataruka moja kwa moja kwenye meno. Na yule anayesimama tuli kama mti huku ametoa macho, ambaye watu humsifu kuwa ameshazoea, hajazoea. Amekata tamaa. Ile njia yetu ya "wewe kamata, mimi nimwagie" huzaa mbwa wa namna hiyo, nami siipendi hata kidogo ingawa inamaliza kazi kwa dakika chache.

Akishazoea karai kavu, maji yaanze kwa kiasi cha kufika vidole tu. Siku nyengine miguu, siku nyengine mgongo kwa kata, polepole, kuanzia nyuma. Kichwani usimwagie kabisa. Uso na masikio hufutwa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kwa sababu maji yakiingia ndani ya sikio na joto letu hili, uvundo na maradhi ya sikio havikawii.

Kuhusu joto la maji, wengi wanadhani Mombasa hakuna haja ya kuangalia. Ipo. Maji ya tangi jeusi la juu ya paa saa nane mchana wakati wa kaskazi yanaweza kumuunguza, na ya mtungi uliolala nje wakati wa kusi yanaweza kumtia baridi mdogo wa wiki nane. Jaribu kwa upande wa ndani wa mkono wako, yawe vuguvugu. Mimi huogesha kama saa nne asubuhi, ili jua lipate kumkausha kabla ya mchana mkali. Jioni unyevu hauondoki, na manyoya yanayolala mabichi huwasha.

Halafu kuna chumvi. Sehemu nyingi za mji tunatumia visima, mfereji ukitoa maji ni sherehe. Maji ya chumvi hayatoi povu vizuri, na yakikauka mwilini humfanya mbwa ajikune usiku kucha, nawe ukadhani ni viroboto. Kama huna maji matamu ya kumwogeshea kote, tumia ya kisima mwanzo, ubakize mtungi mmoja wa maji matamu kwa kumsuuza. Baada ya kuogelea baharini pia, msuuze.

Sabuni iwe ya mbwa. Ngozi yake si kama yetu, na sabuni ya kipande ya kufulia, au dawa ya kuua vijidudu ya nyumbani, humkausha na kumchoma. Tena usimwogeshe kila wiki kwa sababu tu kuna joto. Mara moja kwa mwezi inawatosha mbwa wengi wenye afya. Brashi ndiyo inayofanya kazi kubwa kati ya siku hizo, inaondoa vumbi na nyoya lililokufa. Mwenye mbwa wa manyoya mazito, kama spitz, asimnyoe mpaka ngozini akidhani anampunguzia joto. Manyoya yale humkinga na jua.

Niseme na la majirani, maana sisi wa ploti tunaishi uani mmoja. Majirani zangu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao kwao mbwa aliyelowa akimgusa mtu ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Bibi wa mlango wa pili aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mlee tu, ila maji yake yasipite kwangu." Ujirani wake naupenda, kwa hiyo Shombo ana karai lake, kata yake na taulo lake, na anaogeshwa upande ambao mtaro unatoka nje, mbali na wanapooshea vyombo. Namfunga kamba nyepesi, maana akishaoga atakimbia uani kama kichaa na kujitikisa mbele ya kila mlango.

Taulo hilo likaukie juani kabisa, au lipigwe pasi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa na kwenye mchanga wenye unyevu, na funza wake huingia ngozini, kwa mbwa na kwa watu.

Siku ya kuoga ndiyo siku nzuri ya kutafuta kupe, kwa sababu mbwa ametulia na nyoya limelala. Tazama ndani ya masikio, katikati ya vidole, na chini ya ukanda wa shingo. Mshike kupe kwa kibano karibu na ngozi, umvute moja kwa moja. Usimtie mafuta ya taa wala kumchoma kwa sigara. Dawa za kuogeshea ng'ombe watu huzitumia kwa mbwa kwa kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Kwa mtoto wa mbwa hiyo ni hatari, muulize daktari kwanza. Na kwa kuwa mji huu umejaa paka: dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrin (kemikali ya kuua wadudu) inaweza kumuua paka. Kama paka wa jirani hulala na mbwa wako barazani, mwambie daktari kabla hajakuuzia chochote.

Kucha ndizo zilizonichukua muda mrefu kuliko maji. Kwa Shombo mlio wa kikata kucha ulikuwa mbaya kuliko kukatwa kwenyewe, nami nikawa nakata vijiti vya kiberiti mbele yake, kila mlio na ini lake, mpaka akawa anakuja mbio akiusikia. Kucha zake ni nyeusi, mshipa wa ndani hauonekani, kwa hiyo naondoa ncha tu. Naweka unga wa ngano karibu. Damu ikitoka naubandika na kubana. Wakati mwengine nakata ukucha mmoja, tunaishia hapo. Mbwa anayetembezwa kwenye lami huzisaga mwenyewe, isipokuwa ule wa juu usiogusa chini. Huo usiusahau, hujikunja ukaingia nyamani.