Daktari Anajibu: Propofoli na upasuaji wa saa nyingi

SWALI: Daktari, binti yangu wa miaka 14 atanyooshwa uti wa mgongo, upasuaji wa saa saba au zaidi. Daktari wa usingizi anasema atatumia propofoli ya mshipani muda wote, si gesi. Shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, anasema dawa hiyo imewahi kuua watoto. Je, nikatae? – Mama wa Kayole, Nairobi

JIBU: Usikatae, Mama, ingawa shemeji yako hakukudanganya. Mwaka 1992 jarida moja la tiba la Uingereza lilichapisha taarifa za watoto 5 waliokufa baada ya kutiwa propofoli mfululizo, lakini hao walikuwa mahututi wanaopumua kwa mashine, si watoto waliokuwa wakipasuliwa. Dawa hii ikizidi huzuia seli kuyageuza mafuta kuwa nguvu. Misuli, pamoja na ule wa moyo, huanza kuharibika, damu hujaa asidi, potasiamu hupanda na moyo hudorora.

Hatari hiyo huhofiwa hasa pale dozi inapozidi miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa zaidi ya saa 48. Katika upasuaji kiwango hicho huvukwa mara nyingi, na kinachomkinga mgonjwa ni ufupi wa muda. Hata hivyo, wapo wachache mno ambao damu yao ilianza kuwa na asidi ndani ya saa chache tu. Gesi nayo hufifisha ishara za neva ambazo wapasuaji huzifuatilia ili wasiudhuru uti wa mgongo, na ndiyo maana mara nyingi haipendelewi katika kazi hii.

Mwambie daktari wa usingizi iwapo katika ukoo wenu kuna udhaifu wa misuli usioelezeka, ugonjwa wa mitokondria (sehemu za seli zinazotengeneza nguvu), au mtu aliyewahi kudhurika akiwa chini ya nusukaputi. Muulize pia kama damu ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) itapimwa kila baada ya muda, na kama yuko tayari kubadilisha dawa asidi ikipanda bila sababu nyingine. Mkojo wa kijani usikutishe, kwani propofoli huweza kuuleta bila madhara. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mwite muuguzi mara moja.

Akibaki kwenye mashine ya kupumulia baada ya upasuaji, uliza ni dawa gani inayomlaza na kwa kiwango gani, maana saa za chumba cha upasuaji nazo huhesabiwa katika zile 48.