Mchanga wa bahari kwenye slabu? Msimamishe huyo fundi leo

Umeuliza utumie kokoto gani, na kama ni kweli mchanga wa bahari "ukipigwa na mvua mbili tatu" unafaa kwa slabu yako ya Kigamboni. Haufai! Naandika hapa chini ya slabu inayonidondoshea vipande. Anayetaka kunitembelea aje na helmeti.

Fundi wangu alisema maneno hayohayo. Akachota, akaonja mbele yangu, akatema: "Bosi, chumvi imeisha hii." Nami nikampa na hela ya soda! Viwango vya Ulaya, hata vile vilivyolegea, vinataka kloraidi (ile sehemu ya chumvi inayoleta kutu) kwenye zege la nondo isizidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Kwa mfuko wa kilo 50 ni gramu 200, ukijumlisha ya mchanga, kokoto na maji. Ulimi gani unapima hiyo? Na mvua inaosha juu ya lundo, chumvi inashuka chini, na koleo linachota mpaka chini.

Ubaya wake hauonekani mapema. Zege linakaza vizuri, unahamia, unapiga picha. Saruji huivika nondo utando mwembamba unaoikinga na kutu, kloraidi inautoboa. Kutu ikianza, inachukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo inalipasua zege kutokea ndani. Kwangu nyufa zilikuja zimenyooka, zinafuata nondo. Fundi akasema ni lipu, nikapiga lipu upya. Akasema rangi ya kuzuia maji, nikapaka. Hela hiyo ingenunua mchanga wa mto wa nyumba nzima na chenji ya pilau ikabaki. Injinia alipobomoa kipande, nondo ya milimita 12 imebaki kama spoki ya baiskeli. Fundi? Simu haipatikani.

Na asije mtu hapa na habari za Uingereza. Ndiyo, wanachimba mchanga baharini, lakini wanauosha kwa maji yasiyo na chumvi na kloraidi inapimwa maabara. Wewe utapimiwa na ulimi.

Penye nondo, mchanga wa bahari hauingii. Slabu, nguzo, lenta, mkanda, hata ule ujanja wa "tuchanganye nusu kwa nusu", hauingii. Dalali akikusifia bei, muulize kwa nini lori lake linakuja usiku tu.

Limeshamwaga au bado? Kama bado, mpigie dereva sasa hivi, kokoto tutaongea baadaye.